Timu Iliyogawanywa kwa Skrini: Uchambuzi wa Kisa cha Kliniki ya Wajawazito Wilayani Chamwino

Baada ya siku nne za majaribio, tarehe za hedhi ya mwisho zilizoingizwa kwenye kishikwambi zilikuwa karibu zote za aina mbili: tarehe 1 au tarehe 15. Haiwezekani wajawazito wa kijiji kizima walingane namna hiyo. Mashine ilimuuliza muuguzi swali ambalo mama hakuwa na jibu lake, ikakataa kuendelea mpaka ijibiwe, naye akagusa tarehe iliyokuwa karibu na kidole. Muuguzi hakukosea. Kosa lilianza miezi kadhaa nyuma, Dodoma mjini, siku kiongozi wa usanifu wa programu ya kishikwambi hicho alipogawa kazi kwa wabunifu wake.

Uchambuzi huu unalifuata kosa hilo kutoka ofisini hadi zahanati, kisha unaeleza jinsi lilivyorekebishwa na kilichobaki. Kisa ni cha mfano: zahanati, timu na watu wake wametungwa ili kijadiliwe bila kumtaja mtu. Vitabu, taratibu za kliniki, sheria na mazingira ni vilevile anavyokutana navyo yeyote anayefanya kazi hii Kanda ya Kati ya Tanzania.

Bidhaa, timu na mgawanyo

Bidhaa ni rejesta ya kielektroniki ya kliniki ya wajawazito kwa zahanati za vijijini. Inakaa kwenye kishikwambi cha inchi 8, inafanya kazi bila mtandao na kutuma taarifa mtandao unaposhika. Inatakiwa ibebe yanayoandikwa kwenye kitabu namba 6 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya nchini) na kwenye kadi ya kliniki ya mama, ikumbushe dawa na vipimo, ipange hudhurio lijalo na kutoa hesabu za ripoti mwisho wa mwezi. Mfadhili aliongeza jambo moja kwenye hadidu za rejea: ubao wa takwimu wa wilaya, wenye chati na ramani.

Timu ya usanifu ina watu sita: kiongozi, mtafiti mmoja na wabunifu wanne. Wahandisi wa programu wako kwa mzabuni mwingine na wanakutana na wabunifu mara moja kwa wiki. Kiongozi aligawa hivi: mbunifu wa kwanza usajili wa mama, wa pili vipimo, wa tatu dawa na miadi, wa nne ripoti na ubao wa takwimu. Mtafiti alikwenda vijijini peke yake, akarudi na ripoti nene ambayo wabunifu walisoma muhtasari wake tu.

Kwenye karatasi mgawanyo huu unapendeza. Kila mtu ana eneo lake, kikao cha Jumatatu kinakwenda haraka, maendeleo yanahesabika kwa idadi ya skrini zilizokamilika. Ndiyo sababu viongozi wengi huuchagua, hasa mfadhili anapodai taarifa ya maendeleo kila mwezi. Tatizo lake Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta, alilieleza mwaka 1968, akizungumzia mifumo ya kompyuta: taasisi inayosanifu mfumo hutoa mfumo unaofanana na jinsi watu wake wanavyowasiliana. Wabunifu wanne wasiozungumza watatoa programu nne zilizovaa rangi moja.

Kila sehemu ilijaribiwa peke yake kwenye chumba cha mikutano mjini, na wauguzi watano kwa kila sehemu. Namba hiyo ilitoka kwenye kanuni maarufu ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, kwamba watumiaji watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo ya matumizi. Kanuni ina msingi, lakini hesabu yake inahusu matatizo yaliyomo ndani ya kazi unayoijaribu, kwa kundi moja la watumiaji. Haigusi matatizo yanayokaa kati ya kazi moja na nyingine. Watumiaji watano wakijaribu usajili na wengine watano wakijaribu dawa, hakuna hata mmoja aliyevuka kutoka usajili kwenda dawa. Sehemu zote nne zilifaulu.

Siku ya kliniki inavyokwenda kweli

Kliniki ya zahanati hii ni Jumanne. Akina mama wanaanza kufika kabla ya saa mbili, wengine kwa miguu, wengine kwa bodaboda. Watoa huduma ni wawili: muuguzi mkunga, ambaye amehamishiwa hapo kutoka mkoa mwingine na Kigogo chake, lugha ya wenyeji, ni cha salamu tu, na mhudumu wa afya mwenyeji wa kijiji anayetafsiri inapobidi. Baada ya elimu ya afya kwa wote, kadi zinakusanywa mezani kwa mpangilio wa waliotangulia kufika.

Kuanzia hapo kazi inakwenda kwa vituo, si kwa mama mmoja mmoja. Mhudumu anapima uzito wa wote. Muuguzi anapima presha. Wanaohitaji vipimo vya damu wanatobolewa vidole kwa mfululizo, na vipimo vya haraka vya VVU, kaswende na malaria vinapangwa mezani vikisubiri. Vingi husomwa baada ya dakika 15 hadi 20, kutegemea aina yake, na muuguzi haketi kuvitazama. Anaendelea kupima matumbo chumba cha ndani. Majibu yanaposomwa, mama wa kwanza kutobolewa yuko nje kwenye benchi na mama wa nane yuko kitandani. Mwisho kabisa zinatolewa dawa, miadi inaandikwa kwenye kadi, kitabu kinajazwa.

Programu ilidhani vingine. Ilimfungua mama mmoja, ikampitisha kwenye usajili, vipimo, dawa na miadi, kisha ikamfunga ndipo ikaruhusu mwingine. Majibu yalipokuwa hayajatoka, skrini ya vipimo haikukubali kuhifadhi. Muuguzi alikuwa na chaguo mbili: kusubiri dakika 20 kwa kila mama, au kujaza jibu la uongo na kulirekebisha baadaye. Alipata la tatu. Ilipofika saa nne alizima kishikwambi, akarudi kwenye kitabu, na jioni akaingiza yote kwa kunakili. Kwenye takwimu za mfumo matumizi yalionekana ya asilimia mia moja.

Hili la mwisho kiongozi yeyote wa usanifu alishike. Mfumo unaonakiliwa jioni unaonekana umefaulu ukiutazama kutoka kwenye seva. Kinachoufichua ni saa ya kuingiza: akina mama wote wa kliniki wamehudumiwa kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku.

Nyufa zilikuwa wapi

Mtafiti alirudi zahanati na karatasi yenye safu mbili tu, "anafanya nini" na "mashine inadai nini". Kila mahali safu hizo zilipotengana palikuwa kwenye mpaka kati ya mbunifu na mbunifu.

Mpaka wa kwanza ulikuwa kutafuta jina. Kila sehemu ilianza na kisanduku cha "Tafuta mama", kwa kuwa kila mbunifu aliijaribu sehemu yake ikiwa tupu na alihitaji mahali pa kuanzia. Muuguzi alimtafuta mama yuleyule mara tatu kwa hudhurio moja. Na kutafuta si kazi ndogo: majina yanafanana, mama amesajiliwa kwa jina la baba safari ya kwanza na la mume safari ya pili, na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20 hakuna anayekuja nayo kliniki. Kitabu kinatatua hili kwa namba ya usajili iliyoandikwa juu ya kadi. Programu ilikuwa na sehemu ya namba hiyo, lakini kwenye usajili peke yake.

Mpaka wa pili ndio uliozaa tarehe 1 na tarehe 15. Mbunifu wa usajili aliweka kalenda na kulifanya swali la hedhi ya mwisho kuwa la lazima, kwa sababu mbunifu wa vipimo alimwambia anahitaji umri wa mimba. Mbunifu wa dawa akatumia umri huohuo kufungua au kufunga dawa ya kuzuia malaria, SP, ambayo kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huanza kipindi cha pili cha ujauzito, yaani kuanzia wiki ya 13, na kila dozi hupishana na nyingine angalau mwezi mmoja. Kila mmoja alikuwa sahihi kwenye eneo lake. Lakini mama anakumbuka kwamba hedhi ilikoma wakati wa kupalilia mtama, au siku chache baada ya Nanenane. Tarehe ya kubuni ikaingia upande mmoja, na upande wa pili ikatoka amri ya kufunga dawa kwa mama ambaye mkono wa mkunga umeshahisi ana wiki 20.

Mpaka wa tatu ulikuwa wa hatari zaidi, na ungeweza kupita bila kuonekana. Mbunifu wa vipimo, kwa nia njema kabisa, alificha hali ya VVU ya mama nyuma ya nywila, ili anayepita nyuma ya muuguzi asiione. Mbunifu wa dawa hakuwa na ruhusa ya kuisoma taarifa hiyo, kwa hiyo skrini yake haikujua lolote. Sasa, mama anayeishi na VVU ambaye anatumia kotrimoksazoli, dawa ya kumkinga na maambukizi mengine, hapewi SP. Dawa hizo mbili ni za jamii inayofanana na kuzichanganya huongeza madhara. Skrini ya dawa iliandika kwa herufi kubwa za kijani: "Mpe SP leo". Muuguzi mzoefu aliipuuza bila hata kusema. Mgeni aliyeajiriwa juzi angeweza kutii. Faragha na usalama wa mgonjwa viligongana, na hapakuwa na mtu ndani ya timu ambaye kazi yake ilikuwa kuviona vyote viwili kwa pamoja.

Yaliyobaki yalikuwa madogo lakini yalichosha. Kishikwambi kilijifunga kila baada ya dakika tano na kudai nywila ya herufi nane, kwa mtu aliyevaa glovu. Akaunti ilikuwa moja ya muuguzi, hivyo mhudumu aliyepima uzito alitumia nywila ya mwenzake, na kumbukumbu ikasema muuguzi alipima watu wawili vyumba viwili dakika ileile. Chini ya mti nje, maandishi ya kijivu kwenye nyeupe hayakusomeka. Miadi ilidai saa, ikaonyesha 08:00, wakati kliniki haina saa, ina asubuhi.

Muuguzi alipoulizwa na mtafiti, ambaye ni kijana wa umri wa watoto wake, alijibu kwa upole tu. "Shikamoo mama," alianza kijana. "Marahaba mwanangu. Mimi mama mjamzito akikaa hapa nataka nimtazame usoni, ndiko ninakoona kama ana shida. Hii yenu inataka niitazame yenyewe."

Wiki ya uamuzi

Zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya awamu ya majaribio kupanuliwa kwenda zahanati nyingine za wilaya. Mbele ya kiongozi palikuwa na mapendekezo matatu.

Mfadhili alitaka mafunzo ya siku mbili zaidi kwa wauguzi. Ni pendekezo la kawaida na lina bajeti yake tayari, lakini mafunzo hutibu kutokujua. Hapa mtumiaji alijua kazi yake kuliko programu ilivyoijua. Mzabuni wa programu alitaka orodha ya kasoro, skrini kwa skrini, azirekebishe moja moja na kufunga toleo. Hilo lingeondoa maandishi ya kijivu na nywila ndefu, lakini mipaka mitatu ingebaki, maana haikai kwenye skrini yoyote. Pendekezo la tatu ni la mtafiti: timu igawanywe upya.

Kiongozi alichukua la tatu, na kwa tathmini yetu alikuwa sahihi, ila alichelewa. Dalili zilikuwepo tangu siku kisanduku cha "Tafuta mama" kilipochorwa mara ya pili. Kitu kilekile kikichorwa na watu wawili bila kujuana, hilo ni suala la mgawanyo wa kazi, na kukisawazisha rangi na ukubwa wa vitufe hakulimalizi.

Alisimamisha uchoraji wa skrini mpya kwa siku kumi za kazi. Siku ya kwanza na ya pili zilitumika ukutani, bila kompyuta. Walibandika karatasi ndefu: kila mstari mama mmoja, kila safu kituo kimoja cha kliniki, na kwenye makutano wakaandika nani anashika nini mkononi, nani anajua nini, na kipi kinasubiriwa. Walitumia mama wanane wa kubuni, wenye hali tofauti: mama wa hudhurio la kwanza asiyekumbuka hedhi, mama mwenye presha ya 140 kwa 90, mama anayetumia kotrimoksazoli, binti aliyeletwa na mama yake mzazi, mama aliyepoteza kadi, na wengine. Wahandisi wawili walikuwepo siku zote mbili. Pasipo wao zoezi hili huzaa ramani nzuri ambayo baadaye huambiwa haiwezekani.

Mgawanyo mpya ulifuata nyakati badala ya skrini. Jozi moja ilichukua hudhurio la kwanza kuanzia mama anapokaa kwenye benchi hadi anapoondoka. Jozi ya pili ilichukua hudhurio la marudio, pamoja na kila kinachosubiriwa na kurudi baadaye. Kila jozi ilikuwa na wabunifu wawili na mhandisi mmoja aliyetolewa kwa mzabuni kwa siku tatu za wiki. Mtafiti aliacha kuwa mwandishi wa ripoti, akawa mpangaji wa safari za wenzake: kila mbunifu kushinda siku nzima ya kliniki angalau mara moja kila wiki mbili. Ripoti na ubao wa takwimu havikupewa mtu.

Hapo ndipo mvutano ulipotokea. Mbunifu wa ubao alikuwa mwandamizi kuliko wote, ameufanyia kazi kwa miezi na ameuonyesha kwa wakubwa. Kumwambia mbele ya wenzake kwamba umeahirishwa kungemvunja, na kungewafundisha wengine kulinda maeneo yao. Kiongozi alizungumza naye faragha siku moja kabla ya kikao, akamwonyesha tarehe 1 na 15, akamuuliza chati ya umri wa mimba wilayani ingesema nini ikilishwa data hizo. Kisha akampa jozi ya marudio aiongoze, kwa kuwa yeye ndiye aliyezielewa data kuliko wote. Mfadhili naye alionyeshwa karatasi ileile. Alikubali ubao usogezwe toleo la pili kwa sharti la kupewa jedwali moja la kila mwezi, lililotengenezwa kwa mkono. Bei ilikuwa nafuu.

Jambo jingine lililobadilika ni jinsi maamuzi yanavyofungwa. Daftari moja la pamoja liliwekwa, kila uamuzi na sehemu nne: swali, ushahidi, nani ameamua, na kitu gani kikitokea uamuzi utafunguliwa upya. Masuala ya tiba yalipewa mwamuzi mmoja, mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya, mwenye kura ya turufu. Wabunifu wana tabia ya kujadiliana masuala ya dawa kana kwamba ni masuala ya ladha, daftari liliizuia. Vikao vya kukosoana kazi vilifungwa kwenye dakika 45, na anayeonyesha kazi huanza kwa kutaja ni mama yupi kati ya wale wanane anayemhudumia. Asiyeweza kumtaja, kazi inarudi.

Kilichojengwa upya

Badiliko zito halikuonekana kwa macho. Awali hudhurio lilihifadhiwa kama fomu moja inayokamilika au isiyokamilika. Sasa kila kipimo kikawa taarifa ndogo inayojitegemea, yenye muda wake na jina la aliyeiingiza, na hudhurio likawa mkusanyiko wa taarifa hizo. Kwa wahandisi hii ilimaanisha kubomoa msingi wa hifadhidata, na walilalamika kwa haki. Ndiyo maana mazungumzo haya yanapaswa kutangulia skrini ya kwanza: kusogeza kitufe ni kazi ya asubuhi moja, kubadilisha umbo la data baada ya majaribio ni kazi ya wiki.

Juu ya msingi huo, skrini ya kwanza ikawa orodha ya "Waliopo leo". Mama anaingizwa mara moja, kwa namba ya kadi, na kila kituo kinamgusa kwenye orodha na kuandika kile kinachokihusu tu. Kipimo kinachosubiriwa kinaonyesha dakika zilizopita tangu kitobolewe kidole. Mhudumu na muuguzi kila mmoja ana namba ya siri ya tarakimu nne, na kubadilishana ni mguso mmoja. Vitufe vilikuzwa na rangi za maandishi zikapandishwa juu ya uwiano wa utofauti, kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake, wa 4.5 kwa 1, kisha zikasomwa nje saa sita mchana, maana uwiano huo pekee haujui jua la Chamwino.

Swali la hedhi ya mwisho lilipewa njia tatu: tarehe kamili, mwezi na sehemu ya mwezi, au hakumbuki. Njia ya pili ina kalenda ya matukio: mvua za kwanza, Krismasi, shule kufunguliwa Januari, Pasaka, Nanenane, na nafasi ya mratibu wa wilaya kuongeza Idi za mwaka husika, kwa kuwa zinahama. Mfumo unahifadhi makadirio pamoja na uhakika wake. Kwa asiyekumbuka, unatumia kimo cha mfuko wa uzazi, ambacho kati ya takriban wiki ya 20 na ya 36 sentimita zake hukaribiana na idadi ya wiki, pungufu au zaidi kwa mbili hivi. Na mfumo hauifungi tena SP. Unaonya na kumwachia mkunga aamue.

Suala la kotrimoksazoli lilichukua muda mrefu kuliko yote. Pendekezo la kwanza, kuandika kwenye skrini ya dawa "Usimpe SP, anatumia kotrimoksazoli", lingetangaza hali ya mama kwa kila anayepita. Lililokubaliwa ni kwamba maelekezo ya "Mpe SP" yaondolewe kwa wote. Badala yake, skrini inaonyesha orodha fupi ya dawa za leo kwa mama huyo, bila kueleza kwa nini dawa fulani haipo. Sababu inaonekana baada ya namba ya siri, kwa muuguzi tu. Kuna udhaifu: mgeni anaweza kudhani SP imesahaulika akaitoa kwa mazoea. Mratibu aliamua kwamba mgeni afundishwe kufungua sababu kabla ya kuongeza dawa isiyo kwenye orodha, na programu inamlazimisha kufanya hivyo. Kwa kisa hiki, hapa ndipo mafunzo yalipokuwa na kazi.

Ujumbe wa simu nao ulibadilishwa. Simu nyingi vijijini ni za nyumba nzima, na ujumbe unaotaja kliniki ya wajawazito unaweza kumfikia mume au mama mkwe kabla ya mwenyewe kusema. Usajili sasa unauliza ujumbe uende kwa nani, "usitumwe" likiwa jibu halali, na maneno yenyewe hayataji huduma: "Unakumbushwa miadi yako ya Jumanne asubuhi." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo hili si hiari ya mbunifu.

Kwenda uwandani bila kuuharibu

Safari za wabunifu zinahitaji maandalizi ambayo timu za mjini huyadharau. Barua inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha kwa mganga mfawidhi wa zahanati. Mtendaji wa kijiji naye aarifiwe. Anayepanga wiki moja kwa hatua zote hizi anajidanganya. Msimu wa kilimo, kuanzia mvua za Desemba, kliniki hubadilika sura: wanaofika wanawahi kuondoka zahanati kwa kuwa shamba linawasubiri, na baadhi wanaruka hudhurio. Jaribio la Julai peke yake halioni hilo.

Wageni wawili wanatosha, mmoja wa kuzungumza na mmoja wa kuandika. Wakifika wanne na fulana za mradi, muuguzi atafanya kazi ya maonyesho: kila kisanduku kitajazwa, foleni itasubiri. Safari ya kwanza iwe bila daftari, ya kukaa karibu na mzani na kusaidia kupanga kadi. Ushauri nasaha wa VVU hautazamwi kabisa. Hatua hiyo inajaribiwa baadaye, kwa mama wa kubuni, zahanati ikiwa imefungwa. Na muuguzi asilipwe kwa kila kasoro anayoitaja au kwa kila mahojiano, kwani ataanza kuzitafuta.

Vipimo vya mafanikio navyo vilibadilishwa. Dodoso la SUS la John Brooke, la kupima urahisi wa kutumia mfumo, lenye sentensi kumi, lilikuwa limetumika chumbani na kutoa alama nzuri. Tano kati ya sentensi hizo ni za kukosoa mfumo, na mtu mwenye heshima kwa mgeni anaweza kujibu zote kwa kukubali, hivyo alama inapoteza maana. Timu ilibaki na vitu vinne vya kuhesabu: saa ya kuingiza ikilinganishwa na saa ya huduma, mrundikano wa tarehe, mara ambazo muuguzi anarudi kwenye kitabu, na muda wa mama wa mwisho kuondoka zahanati.

Jaribio la pili na kilichobaki

Jaribio lilirudiwa zahanati ileile, Jumanne mbili mfululizo. Kishikwambi kilibaki mezani mpaka mama wa mwisho. Tarehe zilitawanyika, wengi wakiingia kwa njia ya mwezi na sehemu ya mwezi. Orodha ya "Waliopo leo" ilileta tatizo jipya: mama aliyekwenda nyumbani bila kusubiri majibu alibaki kwenye orodha ya siku iliyofuata, na ilibidi paongezwe hatua ya kuifunga siku, ambapo muuguzi anaamua kila aliyebaki afuatwe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii au asubiriwe hudhurio lijalo. Jozi ya marudio iliijenga kwa siku tatu, bila kikao cha kuamua ni skrini ya nani.

Kitabu namba 6 bado kinajazwa. Ndicho kumbukumbu rasmi, na ukaguzi ukija kitatakiwa. Muuguzi anaandika mara mbili, na hakuna usanifu wa skrini utakaoondoa hilo. Kiongozi ameandaa ukurasa mmoja kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: safu za kitabu upande mmoja, mahali kila safu inapopatikana kwenye programu upande wa pili, na safu mbili za kitabu ambazo programu bado haina zimewekewa alama nyekundu. Ombi ni kupeleka suala hilo ngazi ya mkoa, zahanati moja iruhusiwe kwa miezi mitatu kuchapisha kurasa za mwezi kutoka kwenye mfumo na kuzigonga muhuri badala ya kuandika upya. Mpaka jibu lije, awamu ya kupanua imepunguzwa kutoka zahanati zote zilizopangwa hadi tatu, zile zenye watoa huduma wawili au zaidi siku ya kliniki. Penye mtoa huduma mmoja, kuandika mara mbili kunaula muda wa mama.